Redio ya transista ya miaka ya 60 iliyorudi kusema Tanga: kisa kizima kuanzia boksi la betri mpaka nywele za bati

Usuli

Nakiandika hiki kisa kwa ajili ya vijana wanaojifunza ufundi redio, na pia kwa yeyote mwenye redio ya mzee imekaa juu ya kabati miaka na miaka haisemi. Majina nimeyatoa yote, la mwenye redio, ya mafundi walioishika kabla yetu, hata chapa ya redio nimeiacha, maana Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, watu wanajuana na shida yangu sio kumsema mtu, shida yangu ni kazi ieleweke.

Redio ni ya mkononi, imetengenezwa Ulaya miaka ya 60. Kava ni la mbao limevikwa kitambaa kama ngozi, juu kuna mshikio, ndani transista 7 na zote za germani (germanium, sio nchi ya Ujerumani), inatumia betri 4 kubwa ambazo jumla ni volti 6. Ina mawimbi ya kati na mafupi mawili basi, FM haina. Ilikuwa ya baba yake mama mmoja mtu mzima wa hapa Tanga mjini, na huyo mzee alifanya kazi shamba la mkonge. Mama anakumbuka vizuri mwaka 1973 wakati wa Mtu ni Afya, ile kampeni ya redio iliyofikia watu kama milioni 2 nchi nzima kupitia vikundi vya kusikiliza, kikundi cha kambini kwao kilikuwa kinakaa kwenye mikeka barazani mbele ya redio hii hii, wanasikiliza Radio Tanzania mpaka mwisho afu ndo wanaanza kujadili mambo ya mbu na vyoo. Kwaiyo ukiona mtu anahangaika na redio kuukuu hivi usimshangae.

Kabla ya kufika kwetu ilishapita kwa mafundi wawili. Wa kwanza alibadilisha kapasita mbili ikakataa. Wa pili aliiangalia akasema imekufa, akashauri atoe mashine yote ya ndani aweke ile bodi ya flash na bluetooth, kava libaki kama pambo. Mama alikataa.

Ilivyokuwa ilipofika mezani

Boksi la betri lilikuwa limeliwa. Betri ziliachwa ndani zikavuja, spring'i mbili zimekatika kabisa na ukungu wa kijani umepanda kwenye waya mpaka ndani kwenye bodi. Hapa kwetu hewa ya bahari inamalizia kile ambacho betri imeanza, shaba ikishaonja chumvi haipumziki. Kamba ya mshale, ile inayosogeza mshale wa stesheni ukizungusha kitasa, haikuwepo. Fimbo ya feraiti, ile nyeusi inayobeba koili na ndo inadaka mawimbi ya kati, ilikuwa imevunjika vipande viwili, bila shaka redio ilishaanguka. Spika ilikuwa nzima, tuliipima kwa betri moja ndogo ikatoa ule mkwaruzo wake.

Kitu kimoja kilitupa moyo. Zile koili za IF (zinazochuja wimbi la stesheni ndani ya redio kabla halijawa sauti) zenye vikopo vya bati zilikuwa bado na nta yake ya kiwandani juu ya skrubu, hakuna mtu aliyezizungusha. Ukikuta nta imetobolewa na skrubu zimechakaa ujue una kazi nyingine kubwa mbele yako.

Maelewano na mwenye redio

Hatukushika pasi ya solda kabla ya kuongea na mama. Alipokaa tukasalimiana, shikamoo, marahaba mwanangu, tukamwambia wazi kwamba hii ikipona haitashika FM, stesheni nyingi anazosikia mtaani hazitakuwemo, na mawimbi ya kati mchana yatakuwa karibu kimya. Tukamwambia pia ile kazi ya bodi ya bluetooth ni rahisi zaidi na bei yake ndogo kuliko hii. Akajibu, "Mwanangu, bluetooth si ningeenda dukani nikanunua? Mi nataka hii iseme yenyewe."

Tukakubaliana mambo matatu: vya ndani vibaki vya asili kadiri inavyowezekana, kila kilichobadilishwa kiandikwe kwenye karatasi, na kama transfoma ndogo za sauti zimekatika tusimame tumpigie simu kabla ya kuendelea kula hela yake. Mazungumzo haya yalichukua muda mfupi tu lakini yaliamua karibu kila kitu kilichofuata.

Kilichofanyika, kwa mpangilio wake

*Umeme kwanza.* Uchafu wa betri za zinki na kaboni una asidi kwaiyo tuliufuta kwa soda ya kuokea iliyokorogwa na maji kidogo, mswaki laini, afu spirit. Ingekuwa betri za alkalini tungetumia siki au ndimu maana uchafu wake ni kinyume. Watu wengi wanaweka ndimu kwa kila kitu, hapo unaongeza asidi juu ya asidi. Spring'i mpya tulitoa kwenye tochi mbovu.

Baada ya hapo kijana wa karakana alitaka kuweka betri aone. Fundi mkuu akamzuia, akafunga rezista ya omu 100 kwenye njia ya umeme kwanza. Faida yake ni mbili. Ya kwanza, hata kama ndani kuna shoti umeme hauwezi kupita zaidi ya miliampia 60, hakuna kitu kitaungua. Ya pili, ukipima volti juu ya hiyo rezista unajua redio inakula kiasi gani bila kukata waya wowote, kila volti 1 ni miliampia 10. Tukapata volti 4.1, yaani miliampia 41, na redio yenyewe imebakiwa na volti 1.9 tu. Redio ya aina hii volyumu ikiwa chini inatakiwa itumie kama miliampia 10 hadi 15, kwaiyo kuna kitu kilikuwa kinanyonya.

*Kapasita zilizowekwa kinyume.* Hapa ndo pana somo lenyewe. Kijana aliweka waya mweusi wa mita kwenye chesisi, yaani mwili wa chuma wa ndani, kama alivyozoea, kila anapogusa anapata namba yenye alama ya kutoa mbele, akaona mita imeharibika. Mita ilikuwa nzima. Redio nyingi za germani za wakati ule zinatumia transista za PNP (zinazolishwa kwa hasi) na chanya ya betri ndo inakwenda kwenye chesisi, hasi inakwenda kwenye saketi. Vifaa vya siku hizi karibu vyote ni kinyume chake. Fundi wa kwanza alipobadilisha zile kapasita mbili aliweka mguu wa hasi upande wa chesisi kama anavyofanya kwenye sabufa, hakufuata alama ya zile za zamani alizotoa wala hakupima, na kapasita ya elektroliti ina mguu wa chanya na wa hasi, ukiigeuza haikai kimya, inaanza kupitisha umeme.

Ile kubwa iliyokuwa kwenye njia ya umeme ndo ilikuwa inanyonya. Ile ndogo ilikuwa kati ya volyumu na transista ya kwanza ya sauti, na ilivyogeuzwa ikawa inavuruga volti za ile transista mpaka sauti ikafungika. Angalia basi: redio ilifika kwa fundi wa kwanza ikiwa na ugonjwa mmoja ikatoka na miwili, na ule wa kwanza sasa umefichwa na wa pili. Yule fundi wa bluetooth alikuta redio haitoi hata mgurumo, mtu yeyote angesema imekufa.

Tukatoa zote mbili tukaweka mpya kwa upande wake sahihi, na zile kapasita nyingine za elektroliti za zamani tukazipima moja moja, zilizokauka tukabadilisha, moja ilikuwa bado nzima ikaachwa. Tulivyowasha, juu ya ile rezista tukapata volti 1.2. Miliampia 12. Kijana akagusa mguu wa kati wa volyumu kwa ncha ya bisibisi, spika ikanguruma. Sehemu ya sauti imepona, transfoma nzima, hamna haja ya kumpigia mama.

*Nywele za bati.* Sauti ipo, stesheni hakuna hata moja, ule mvumo wa hewani wenyewe haupo. Transista tatu za mbele kwenye redio hii ni AF117, za kikopo kirefu kidogo zenye miguu minne. Mguu wa nne umeungwa na kile kikopo na kazi yake ni kinga tu. Ugonjwa wa jamii hii, AF114 mpaka AF117, unajulikana dunia nzima: ndani ya kikopo bati linaota nywele nyembamba kuliko unywele wa mtu, taratibu mwaka hadi mwaka hata redio ikiwa imezimwa, mpaka nywele inagusa mguu mmojawapo na kuuunganisha na kikopo, na kikopo kimeungwa kwenye chesisi, basi transista inafungwa.

Ukitaka kujua, chomoa ule mguu wa kinga peke yake kutoka kwenye bodi, afu pima omu kati yake na kila mmoja wa ile mitatu. Nzima haisomi chochote. Hapa ya kwanza ilisoma mguu mmoja, ya pili ilisoma miguu miwili, ya tatu haikusoma kitu.

Ya kwanza ilikuwa rahisi, mguu wa kinga ukaachwa umekatwa hivyo hivyo. Kikopo sasa kinaelea, nywele imegusa mguu mmoja lakini haina pa kwenda, transista inafanya kazi. Ya pili haikutibika kwa njia hiyo, maana miguu miwili ikishagusa kikopo inakuwa imeungana yenyewe kwa yenyewe kupitia kile kikopo, ukate kinga usikate shoti inabaki. Kuna mafundi wanaipiga umeme wa kapasita ili kuunguza nywele, inawezekana lakini bati la mle ndani bado ni lile lile na nywele zinaota tena, na ukizidisha umeua transista yenyewe. Tukaamua kuitoa.

Kijana akapendekeza BC557, ipo kila duka la spea na bei yake ni ya pipi. Ni PNP kweli, lakini ni ya silikoni, inahitaji kama volti 0.6 ili ifunguke wakati ya germani inafunguka kwenye 0.2 hivi, kwaiyo ukiichomeka tu pale pale inabaki imelala, itabidi ubadilishe na rezista zinazoilisha. Inawezekana, ila tungeanza kuachana na ahadi tuliyompa mama. Tukaiweka kama njia ya mwisho. Spea ikapatikana kwa mzee mmoja fundi mstaafu Ngamiani ambaye hajawahi kutupa mzoga wa redio hata mmoja: akatoa AF127, ya familia ya baadae yenye kikopo kidogo, inakubali kukaa mahali pa AF117. Mpangilio wa miguu tuliuhakiki kwa mita kwanza. Wakati wa kuchomelea kila mguu ulishikwa na koleo ndogo kati ya solda na kikopo ili koleo linywe joto, germani haipendi moto na mchana wa Tanga peke yake unatosha kuichosha.

Tulipowasha saa mbili usiku, mvumo ukajaa. Tukazungusha, sauti za Kichina, Kiarabu, muziki unakuja unapotea kwenye mawimbi mafupi. Mawimbi ya kati yalikuwa dhaifu sana.

*Fimbo na koili.* Fimbo ya feraiti tuliiunganisha kwa gundi kali, muhimu ni nyuso mbili zikutane kabisa bila nafasi katikati, gundi iwe nyembamba sana. Waya wa koili ulikuwa umekatika ukachomelewa, na hapa ndo udhaifu ulipotoka. Waya ule sio mmoja, ni nyuzi nyingi nyembamba zimesokotwa pamoja na kila uzi umepakwa vanishi yake, na kazi iliyofanyika mwanzo ilishika nyuzi chache tu, nyingine zilikuwa pembeni zinaning'inia. Kwa macho ya kawaida imeungwa, mita inasema imeungwa, lakini koili inapoteza nguvu zake. Ikabidi ifunguliwe, ncha ikapitishwa kwenye moto wa spirit mpaka vanishi iungue, ikachovywa palepale kwenye spirit ya baridi, nyuzi zikang'aa zote, solda ikazishika zote. Usiku huohuo mawimbi ya kati yakafunguka.

Koili za IF hatukuzigusa. Kijana aliomba sana azungushe kidogo tu aone kama itaongezeka, na ni kishawishi cha kweli kwa sababu skrubu ipo na bisibisi ipo. Lakini kiwanda kilizifunga kwa mashine, sisi hatukuwa na jenereta ya mawimbi, na ile kiini cha feraiti ndani yake ikipasuka koili nzima imekwenda. Tulichosogeza ni koili ya mawimbi ya kati juu ya fimbo, milimita chache, mpaka stesheni za upande wa chini zikawa na nguvu, tukaibana kwa nta.

*Kamba ya mshale.* Tulianza na mshipi wa nailoni wa kuvulia maana upo kila mahali hapa. Ukateleza. Nailoni ni laini na inavutika, baada ya siku kadhaa unazungusha kitasa mshale umesimama. Ukatolewa ukawekwa uzi wa kusokotwa wa mshona viatu uliopakwa nta kidogo, umezungushwa kwenye kijiti cha kitasa mara tatu badala ya mbili, na mpaka leo unakamata.

Kava nalo, kitambaa kilirudishiwa gundi pembeni, kikafutwa kwa kitambaa chenye sabuni kidogo. Hatukupaka rangi.

Matokeo

Redio inasema kwa sauti safi, inakula miliampia 12 mpaka 14 ikiwa chini. Mchana mawimbi ya kati ni kimya karibu yote kwa sababu ile tabaka ya chini ya anga inayoamshwa na jua inayameza, likishazama yanaanza kuja kutoka mbali. Mawimbi mafupi yanashika tangu jioni.

Siku mama alipoichukua alifurahi sana, kesho yake akapiga simu anasema inakoroma tu. Hatukumwambia airudishe, tulimwuliza redio iko wapi na nini kimewashwa karibu. Ilikuwa mezani chini ya taa ya LED, pembeni kuna chaja ya simu. Vitu hivi viwili vinatoa kelele kubwa kwenye mawimbi ya kati, na mwaka 1973 havikuwepo. Akahamia nayo barazani, akachomoa chaja, koromo likaisha. Mjukuu wake mpaka leo anauliza kwanini haina FM, ila huyo alishaambiwa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni mpangilio: umeme, afu sauti, afu mawimbi, na kutohama hatua mpaka iliyopo ithibitike kwa namba. Lile rezista la omu 100 halina gharama na ndilo lililotuonyesha kapasita zilizogeuzwa kabla hatujawaza habari za transista. Tungeanza na transista, tungeweka hata mpya kabisa, redio ingebaki bubu, na tungehukumu kwamba transista mpya nayo ni mbovu. Nina uhakika redio nyingi za zama hizi zilizotupwa hapa mjini hazikufa kwa uzee, zilikufa pale mtu alipobadilisha kitu kabla ya kupima, akaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa, anayefuata akashindwa kusoma chochote. Hilo linaniuma kwa kweli, maana vyombo hivi havitengenezwi tena.

Simlaumu fundi wa kwanza kwa kutojua kwamba chanya iko kwenye chesisi, hakuna aliyemfundisha, amekulia kwenye vifaa vya kisasa. Ila alama ya kapasita ya zamani alikuwa nayo mkononi. Kama unafundisha kijana, mfundishe hili kabla ya kumfundisha rangi za rezista: unachokitoa, kichore kwanza kilivyokuwa kimekaa, au siku hizi kipige picha kwa simu.

Maelewano ya mwanzo yalisaidia kwenye ile BC557. Bila ahadi kwa mama tungeiweka, ingefanya kazi, na hakuna ambaye angejua. Sisemi ni dhambi kuiweka, kwenye redio ambayo mwenyewe anataka tu isikike ningeiweka bila kusita na kurekebisha rezista zake. Hapa mwenye mali alishasema anataka nini.

Kilichoshindwa ni mshipi, na ile solda ya kwanza ya koili ambayo iliaminiwa kwa sababu mita ilipiga mlio. Mita inakuambia kuna njia, haikuambii nyuzi ngapi zimeshika. Pale ilibidi kutumia macho na kioo cha kukuzia.

Kuna jambo moja ambalo bado nabishana nalo na fundi mkuu. Ile AF117 ya tatu, iliyokutwa nzima, iliachwa kama ilivyo na mguu wake wa kinga umerudishwa. Hoja yake ni kwamba kinga ina kazi, ukiikata bila sababu unaweza kukaribisha mvumo usiotakiwa. Hoja yangu ni kwamba imetoka kiwanda kilekile na imekaa miaka ileile na wenzake wawili walioota nywele, kwaiyo ni suala la muda. Yeye ndo mwenye karakana, ikaachwa. Karatasi iliyogundishwa ndani ya kifuniko cha nyuma inataja kila kilichobadilishwa, inasema chanya iko kwenye chesisi, inasema betri zitolewe redio isipotumika wiki nzima, na mstari wa mwisho unamwambia fundi atakayeifungua siku mawimbi yakipotea na sauti ipo aanze kwa kupima mguu wa kinga wa transista hiyo ya tatu kabla ya kugusa kitu kingine.